Mwakani Utaanza Shule

Jumatatu, 3 Juni 2024. Pearland

Leo nimeanza kitabu. Nimeandika hivyo kwa herufi kubwa kwenye kalenda ya jikoni. Mke wangu Clothilde alipoamka saa nane mchana baada ya zamu ya usiku, akasoma, akacheka. "Umeanza tena?" Ana haki ya kucheka. Tangu nirudi Tanzania kutoka Poland mwaka 1989 na shahada yangu ya historia, kitabu hiki nimekianza mara nne. Safari hii lakini yuko mchapishaji Dar es Salaam anayekisubiri, na amenipa mpaka mwisho wa Novemba.

Kinahusu magazeti ya mikoani ya Kipolandi, ya miaka mia moja na zaidi iliyopita, nchi yao ilipokuwa imegawanywa na watawala watatu wa kigeni. Sizungumzii magazeti ya miji mikubwa. Nazungumzia yale ya kurasa nne, yaliyochapwa katika vimiji visivyojulikana na kusomwa kwa sauti jikoni kwa ajili ya wasiojua herufi. Humo watu walibishana. Mkulima akijua kusoma, ataendelea kulima? Mtoto afundishwe kwa lugha ya nani? Mama asiyeweza kuandika jina lake atamlea mtu wa namna gani? Waandishi walikuwa walimu, mapadri, wauza dawa, na mara mojamoja mama wa kijijini aliyejifunza kuandika ukubwani. Nilipoyasoma mara ya kwanza, kijana wa Mbinga niliyevaa koti la kuazima, niliona kama wanatusema sisi.

Nina miaka sitini na sita. Nimestaafu stoo ya hospitali. Sina kisingizio tena.

Alhamisi, 6 Juni

Joto. Kurasa tatu.

Jumanne, 11 Juni

Nimefungua sanduku la tafsiri. Madaftari yako manne, yalikuwa matano. La nne halimo.

Mwandiko wote ni wa Yasinta. Miye nilikuwa nasoma Kipolandi na kutafsiri kwa mdomo, yeye anaandika. Yasinta ni binti wa marehemu kaka yangu Gelasius. Tulimleta hapa kutoka Tanzania mwaka 2007 akiwa na miaka kumi na sita, Natalia wetu akiwa na mitatu. Tulikubaliana na kaka kwamba Yasinta atatusaidia mtoto, nasi tutamsomesha. Akakaa miaka saba. Mwaka 2014 aliondoka asubuhi moja na begi dogo, akaenda Dallas, na tangu hapo hatujaongea naye. Clothilde huwa anasema hana shukrani. Miye huwa sisemi kitu.

Alikuwa mwandishi mzuri. Mahali nilipomtajia "elimu ya umma", ameandika hivyo, halafu pembeni akaweka kwa penseli: "kuwafumbua watu macho?" Bila shaka yake ni nzuri zaidi. Leo nimeitumia.

Jumapili, 16 Juni

Natalia amepiga simu kunitakia heri ya siku ya kina baba. Anasoma chuo huko Dallas, na kiangazi hiki yuko kwenye mafunzo ya kazi katika ofisi moja Plano. Nikamlalamikia habari ya daftari.

"Number four? Liko kwa dada Yasinta."

"Umejuaje?"

"Baba, naendaga kwake kila wiki. She raised me."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu aliponunua gari. Miaka miwili, na hajatuambia.

Jumatano, 19 Juni

Mvua kubwa. Sikuandika kitu.

Ijumaa, 12 Julai

Naandika baada ya siku nne bila umeme. Kimbunga Beryl kilitupitia Jumatatu alfajiri. Uzio wa nyuma umelala chini na mti wa jirani umeegemea paa letu, ila hatukuumia. Clothilde alibanwa na zamu hospitalini siku mbili. Nilikaa peke yangu sebuleni na ndoo ya barafu, madirisha wazi, nikichaji simu ndani ya gari.

Jumanne mchana simu ikaita, namba ya Dallas nisiyoijua. "Shikamoo, baba mdogo. Ni Yasinta. Natalia kaniambia hampatikani. Mko salama?"

Sauti imekuwa nzito kidogo, ya mtu mzima. Nikamwambia tuko salama. Akauliza kama tuna maji. Akauliza mama mdogo yuko wapi. Nikamjibu. Na halafu, Mungu anisamehe, haikupita dakika ya pili nikasema, "Yasinta, nasikia daftari la nne unalo wewe. Nalihitaji sana."

Nilisikia nyuma yake wanawake wakicheka, na mashine ya kukausha nywele.

"Ninalo," akasema. "Njoo ulichukue."

Miaka kumi. Hata sikumuuliza anaendeleaje.

Jumamosi, 27 Julai. Carrollton

Nimeendesha gari kwa saa nne na nusu. Clothilde alikataa kuja. Naandika katika chumba cha hoteli kandokando ya barabara kuu, jua bado lipo.

Yasinta anasuka nywele katika saluni ya mama mmoja wa Kikongo, kwenye jengo la maduka lenye mgahawa wa Kikorea upande huu na duka la simu upande ule. Nilipoingia alikuwa amesimama nyuma ya mteja, vidole vinakwenda. Akanipigia goti kidogo, kama tulivyomfundisha wenyewe kwetu. "Shikamoo, baba mdogo." Kisha akaniomba nisubiri, kichwa hakikuwa kimekwisha. Nikasubiri saa nzima kwenye kiti cha plastiki.

Ana miaka thelathini na mitatu. Mvi mbili tatu pembeni. Nilimwacha kichwani mwangu akiwa binti anayepiga pasi.

Saluni ilipotulia walivuta viti. Akina mama watano, wote wa Kongo, wakatoa madaftari. Yasinta akalitoa daftari langu la nne kwenye begi, limefungwa kwa nailoni, akasoma. Ilikuwa barua ya mama wa kijijini aliyejifunza kusoma akiwa na watoto sita, siku za kuoka mikate, akichora herufi kwenye unga. Yasinta anaisoma sentensi, wanairudia, wanaandika maneno. Mmoja akaniambia, "Papa, huyu mama wa Pologne iko na akili mingi sana! Miye pia nina watoto sita."

"Huwa mnafanya hivi kila siku?" nikamuuliza Yasinta.

"Jumamosi. Hawakusoma hata kwao, vita iliwakatisha. Sina kitabu kingine cha Kiswahili, ndiyo maana nilikuwa nalo. Nilipiga picha kurasa zote jana. Chukua tu."

Akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Tukatoka nje kwenye kivuli cha ukuta. Hapo ndipo aliponiomba. Amepata wakili wa kumsaidia na makaratasi ya kuishi hapa. Kibali chake kiliisha mwaka 2008, akiwa kwetu, na sisi ndio tuliokuwa tunashughulikia. Wakili anataka maelezo ya walioishi naye, jinsi alivyoletwa, kwa ahadi gani, alifanya kazi gani, na kwa nini hakusoma.

"Sitaki mama mdogo apate matatizo," akasema. "Nataka ukweli tu. Hata baba alipofariki sikwenda kumzika, unajua. Ningetoka, nisingerudi."

Nikamwambia nitaandika. Nikasema, "Hilo ni jambo dogo."

Akanitazama. "Kwangu si dogo, baba mdogo."

Jumatatu, 29 Julai. Pearland

Clothilde: "Unataka niende mbele ya mwanasheria nikaseme nilimweka mtoto wa watu jikoni? Miaka ishirini na miwili ya unesi, wanipokonye leseni?"

Nikamwambia labda haitafika huko.

"Labda," akasema, akafunga mlango wa chumba.

Jumapili, 4 Agosti

Nimelisoma daftari la nne. Nilikuwa nimesahau yaliyomo. Karibu nusu ni mabishano ya mwaka mmoja mzima kuhusu wasichana wa kazi. Mwalimu mmoja aliandika kwamba kila nyumba yenye msichana wa kazi impe jioni mbili kwa wiki aende kwenye chumba cha kusomea. Mama mwenye nyumba akamjibu kwa hasira kwamba wasichana wakisoma, nani atafua? Mwalimu akarudi wiki iliyofuata: "Wabaya zaidi ni sisi tunaopenda elimu. Tunamchukua binti wa ndugu yetu kijijini, tunasema tunamlea, na anatuletea chai huku tukiandika makala hizi."

Yasinta aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake, mezani kwangu, mwaka 2009. Nakumbuka alimaliza mstari, akaniuliza, "Na mimi nitaanza lini?" Nikamwambia mwakani. Nakumbuka kwa sababu kisha nikamwomba chai.

Jumatano, 7 Agosti

Nyuzi joto 100 za hapa, 38 za kwetu. Sikutoka.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimeandika maelezo. Clothilde ameyapitia na kuyalainisha. Ukurasa mmoja na nusu: tulimpokea Yasinta kama binti yetu, akawa anasaidia kazi ndogondogo za nyumbani, na kwa bahati mbaya mazingira ya wakati ule hayakuruhusu aendelee na masomo. Nimetuma kwa barua pepe.

Ijumaa, 16 Agosti

Yasinta amejibu kwa ujumbe wa simu. "Shikamoo baba mdogo. Nimesoma. Umeandika vizuri kama kawaida yako. Huyo binti simjui."

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekasirika siku nzima. Nimemwambia Clothilde kuwa pengine alikuwa kweli hana shukrani. Clothilde hakuitikia, jambo lililonishangaza.

Jumatatu, 2 Septemba

Sura ya tatu imekwisha. Ni sura nzuri, najua. Inahusu walimu waliofundisha kwa siri katika nyumba za watu, huku mtoto mmoja akikaa dirishani kuangalia kama polisi wanakuja. Nimeisoma mara mbili kwa sauti. Nyumba ilikuwa tupu.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku kama ya leo mwaka 2016 alifariki kaka Gelasius. Kila tulipoongea kwenye simu aliuliza, "Mwanangu yuko darasa la ngapi?" Mara ya kwanza nilisema anajifunza lugha kwanza. Mara ya pili nilisema mambo ya vibali. Baadaye alikuwa anauliza tu, "Mwanangu hajambo?" Nilishukuru alipoacha kuuliza. Naliandika hili hapa kwa sababu sijawahi kulisema popote.

Ijumaa, 27 Septemba

Mchapishaji ameandika kuuliza maendeleo. Nimemjibu kwamba naendelea vizuri.

Jumanne, 8 Oktoba

Hakuna mvua mwezi huu, hata tone. Nyasi zimekuwa rangi ya karatasi.

Jumanne, 15 Oktoba

Nataka kuiandika siku ya leo kama ilivyokuwa.

Nilikuwa natafuta rasimu ya kwanza ya ile makala ya mwalimu, nihakikishe tarehe. Sehemu ngumu, kabla ya kumtajia Yasinta, nilizoea kuziandikia rasimu nyuma ya karatasi yoyote iliyo mezani. Nikaipata ndani ya bahasha. Mwandiko wangu wa haraka: "Wabaya zaidi ni sisi tunaopenda elimu." Nikaigeuza kutafuta tarehe.

Upande wa pili ni fomu ya kuandikisha mwanafunzi, ya shule ya sekondari ya hapa mtaani kwetu. Imejazwa kwa mwandiko wa Yasinta, kwa Kiingereza chake cha wakati ule, herufi zimenyooka. Jina, tarehe ya kuzaliwa, anuani yetu. Shule aliyosoma mwisho. Lugha ya nyumbani, Swahili. Chini kuna mstari wa saini ya mlezi, na pembeni yake amechora kwa penseli msalaba mdogo, wa kunionyesha niweke saini wapi. Mstari ni mtupu. Tarehe ni 11 Agosti 2009.

Alikwenda mwenyewe shuleni. Kwa miguu, na Natalia mkononi. Akaomba fomu, akajaza, akaja kuiweka mezani kwangu kwa sababu aliona aibu kuniomba tena kwa mdomo. Na miye nikaiona ni karatasi tu.

Miaka yote hii nimejiambia Clothilde ndiye aliyekataa. Nilijenga picha ya mke mgumu anayelala mchana na kutaka nyumba iwe safi, na mume mpole anayesubiri wakati unaofaa. Lakini Agosti ya 2009 Clothilde hakuwa hapa. Alikuwa Tanzania wiki sita, mama yake alikuwa amefariki. Ndani ya nyumba hii kulikuwa na watu wazima wawili tu, mimi na Yasinta, na kalamu nilikuwa nayo mimi.

Clothilde alipoamka nikamwekea fomu mbele yake jikoni. Akasoma upande mmoja, akageuza, akasoma wa pili, akageuza tena. Akakaa chini.

"Niliporudi kutoka msibani nilikuambia tumwandikishe," akasema. "Unakumbuka ulichonijibu?"

"Hapana."

"Ulisema subiri kwanza umalize sura. Kwamba yeye ndiye anayekuandikia." Akaifuta meza kwa kiganja, ilikuwa safi. "Na mimi nikakubali kwa sababu ilinifaa. Natoka zamu, nakuta mtoto ameoga, chakula kipo. Usinitazame hivyo, Modestus. Sisemi sikukosa. Nasema tulikuwa wawili."

"Nilikuwa nakulaumu wewe."

"Najua. Nami nilimlaumu yeye, maana yeye hayupo."

Tukakaa mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Andika. Andika na jina langu. Leseni wakiichukua, wachukue."

Sikuwahi kumjua mwanamke huyu kuwa jasiri. Ndoa ya miaka ishirini na minne.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeandika upya. Nimeanza na neno "nilimleta" na siyo "alikuja". Ni vigumu kuliko Kipolandi. Kila sentensi inataka kujificha nyuma ya nyingine.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimempigia Yasinta kumwambia. Akasema, "Baba mdogo, wakili asingeweza kungoja. Nimeandika mwenyewe. Lakini anataka mtu athibitishe. Unaweza kuja tarehe tano?"

Jumanne, 5 Novemba. Dallas

Foleni za wapiga kura barabarani, mvua za vipindi. Ofisi ya wakili iko ghorofa ya pili. Yasinta alikuwa amevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe, kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Nikampa maelezo yangu mapya, ya kurasa tano. Akayasoma yote, polepole, bila kuinua macho. Akayakunja na kuyaweka kwenye begi lake. Halafu akanisukumia yake.

Kurasa sita, kwa Kiingereza. Amekuwa akijifunza peke yake, na tangu Septemba yuko kwenye darasa la jioni la watu wazima, anautafuta mtihani ule wa kumaliza sekondari. Nilikaa na zile kurasa karibu nusu saa.

Hakuna tusi hata moja. Ameandika kwamba saa kumi na moja asubuhi aliamka kumwandalia Natalia, kwamba alijifunza Kiingereza chake cha kwanza kwa vipindi vya watoto kwenye televisheni, na kwamba watoto wa majirani walipokwenda shule alisimama nyuma ya pazia ili wasimwone, kwa kuwa walikuwa wa umri wake. Hilo la pazia sikulijua. Kisha ameandika: "Baba yangu mdogo alikuwa mtu mwema kwangu. Hakunipiga, hakunifokea. Alinifundisha mambo mengi juu ya nchi nyingine. Aliniambia mwakani mara saba." Fomu hakuitaja kabisa. Pengine anadhani niliitupa.

"Kuna uongo?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Kuna nilichozidisha?"

"Umepunguza."

Wakili akaniuliza kama nina la kuongeza. Mtu wa maneno kama miye, maisha yangu yote. Nikasema sina. Nikaweka saini chini ya maelezo ya Yasinta, nikathibitisha kuwa ni kweli, na jina la Clothilde nikaliandika kama alivyonituma.

Pale nje nilijaribu kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyaandaa njiani, kilomita mia nne. Nilipofika kwenye jina la baba yake akanishika mkono.

"Nimesikia, baba mdogo," akasema. Hakusema amesamehe. "Sasa nina mteja saa tisa. Endesha taratibu, barabara imelowa."

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemwandikia mchapishaji kwamba tarehe sitaiweza, na kwamba kitabu kina watafsiri wawili. Amejibu kuwa kwa kuchelewa hivi hawezi kuahidi chochote. Sawa.

Jumatano, 20 Novemba

Wakili anasema jibu laweza kuchukua mwaka, hata miaka. Clothilde bado anakwenda kazini kama kawaida. Kila barua ikiingia sandukuni, anasimama nayo kidogo kabla ya kuifungua.

Alhamisi, 28 Novemba

Thanksgiving, sikukuu ya hapa ya kutoa shukrani. Natalia hakuja. Amekwenda kula kwa Yasinta, Carrollton, pamoja na wale akina mama. Alituambia wiki iliyopita, kwa upole, nasi tukasema haidhuru. Clothilde akapika kuku badala ya bata mzinga, kwa kuwa tuko wawili.

Jioni jua likizama, Natalia akapiga. Nilisikia sahani na vicheko. Nikamwambia amsalimie dada yake.

"She can hear you, Baba. Uko kwenye spika."

Vicheko vikapungua. Nikasema, "Yasinta, masomo yanaendaje?"

"Yanakwenda, baba mdogo. Kuandika naweza. Historia naipenda. Hesabu ndiyo inanitesa, hasa sehemu." Akacheka kidogo. "Ungekuwa karibu, ningekuomba unifundishe."

Chumba alicholala kiko mbele yangu ninapoandika hapa. Nilikuwa karibu naye miaka saba, ukuta mmoja katikati.

"Haya," nikamwambia. "Nenda ukale, chakula kitapoa."